Gramu za masizi kwenye skana hazijapimwa

Ni ile ile tena: Mazda CX-5 ya dizeli, lita 2.2, taa ya DPF (kichujio cha masizi kwenye eksozi) inamwekamweka, skana imetoa P2463, yaani msimbo wa masizi kuzidi, skrini inaonyesha gramu za masizi zimepita kiwango, na hukumu ya fundi imeshatoka: DPF imekufa, ikatwe. Aliyehukumu anaamini masizi hayo yamepimwa. Hayajapimwa. Ndani ya DPF hakuna mizani.

Kompyuta ya injini inakisia kwa njia mbili. Ya kwanza ni daftari: inajumlisha masizi kadiri ya mzigo, mizunguko, hewa iliyoingia na kazi ya EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), halafu inatoa yale inayoamini yameungua. Ya pili ni sensa ya tofauti ya presha. Hiyo inalinganisha presha ya mbele (kabla ya kichujio) na ya nyuma (baada yake) kupitia mipira miwili myembamba, na kompyuta inaipima presha hiyo dhidi ya wingi wa moshi unaopita. Sasa, wingi wa moshi nao ni hesabu, inayoanzia kwenye sensa ya hewa. Sensa ya hewa ikichafuka, au mpira kati ya turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo) ukipasuka, gramu zinapotoka wakati DPF haina kosa lolote. Na kwenye foleni ya Mombasa Road au Ubungo, moshi wa sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) ni mdogo mno kiasi kwamba presha haielezi kitu. Gari la mjini linaishi kwa daftari.

Kwa hiyo achana na gramu, soma presha. Washa swichi bila kuwasha injini: lazima isome sifuri, au karibu kabisa na sifuri. Ikisoma kilopaskali 1 gari limezimwa, kila kitu kinachofuata ni uongo, na unahangaika na sensa, si kichujio. Injini ikishapata moto, ikiwa sailensa, kichujio kizuri kwa kawaida hakifiki kilopaskali 1. Kwenye mizunguko 3000 kwa dakika bila mzigo, tarajia 2 hadi 4. Ukiona 10, njia imebanwa. Namba hizi si amri. Zinabadilika kwa ukubwa wa injini, na kati ya 4 na 8 kuna eneo ambalo mafundi wawili wazuri watabishana na wote wakawa na hoja.

Kabla ya kuamini namba yoyote, chomoa mipira. Ule wa mbele huungua au kupasuka, na bomba lake la chuma huziba kwa masizi. Puliza bomba kuelekea kwenye eksozi, kamwe usipulize kuelekea kwenye sensa. Pampu ya mkono ikiweka kilopaskali 5 kwenye sensa, skrini iseme 5. Kazi ya dakika chache, lakini watu wanaona heri kukata.

Mpira wa mbele ukivuja, mambo yanageuka: presha inasoma chini na kompyuta inatoa msimbo P2002, kana kwamba kichujio hakipo au kimepasuka. Pangusa ndani ya mdomo wa eksozi kwa kitambaa cheupe. DPF nzima huacha mdomo karibu safi. Masizi meusi mazito maana yake kichujio kinavujisha kweli. Ufa mdogo, hata hivyo, unaweza kujificha kwenye presha na kwenye kitambaa pia.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote: kuchanganya masizi na majivu. Masizi ni kaboni, yanaungua kwenye nyuzi 600 hivi. Majivu yanatokana na viambato vya oili. Hayaungui, hata ukiiamuru kompyuta kwa skana ipandishe joto la eksozi na kuchoma kutwa nzima. Sensa inaona presha tu, kwa hiyo kompyuta huweza kuyahesabu majivu kama masizi na kuanza kuchoma mara kwa mara. Kipimo ni hiki: soma presha mara tu baada ya uchomaji uliokamilika. Ikishuka vizuri, yalikuwa masizi, tafuta yanakotoka. Ikibaki juu, shuku majivu, au uso wa kataliti (kifaa cha kusafisha moshi kilicho mbele ya kichujio) umeziba. Gari lililokuwa likichoma kila kilomita 400 likaanza kuchoma kila 80 linakuambia jambo hilo hilo.

Kuchoma kwa lazima, kwa amri ya skana, si matengenezo. Kwanza chomoa kijiti cha oili. Uchomaji hutumia dizeli inayonyunyizwa kwa kuchelewa, na sehemu yake huteremka kwenye oili. Kijiti cha Mazda kina alama ya X juu ya kiwango cha kujaa. Oili ikifika hapo, mwaga kabla ya lolote. Wakati wa kuchoma, tazama joto: baada ya kataliti lipande hadi karibu nyuzi 600. Lisipopanda, kataliti imechoka au nozeli hazinyunyizi inavyotakiwa. Uchomaji usipoanza kabisa, angalia themostati iliyokwama wazi, misimbo ya EGR, na kiasi cha dizeli kwenye tangi.

Salfa nayo ina sehemu yake. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa sehemu 50 kwa milioni. Gari hili lilizaliwa kwa dizeli ya Japani ya 10. Lakini madhara makubwa zaidi ninayoyaona yanatoka kwenye oili ya 15W-40 ya lori, inayoacha majivu mengi. Weka oili ya daraja la DL-1 au ACEA C3, zenye majivu machache, basi.

DPF ikishasafishwa majivu au kubadilishwa, futa kwa skana hesabu ya majivu ambayo kompyuta inaikisia na uifundishe sensa ya presha sifuri upya. Usipofanya hivyo, daftari linaendelea na deni la kichujio cha zamani, na taa itarudi.