Esta kwa vimeng'enya: anza na maji

Harufu ya ndizi mbivu kwa sehemu kubwa ni esta moja tu, isoamili asetati. Jamii hiyo ya esta imo pia katika manukato, krimu za ngozi na vilainishi vya mitambo. Kanuni yake ni fupi: asidi hukutana na alkoholi, esta hupatikana, maji hutoka. Kiwandani, njia iliyozoeleka ni kuchemsha mchanganyiko huo pamoja na asidi ya salfa, ambayo mara nyingi huacha rangi na harufu zisizotakiwa, na baadaye lazima izimuliwe. Lipasi, kimeng'enya ambacho kazi yake ya asili ni kuvunja mafuta, huifanya kazi hiyo kwa upole zaidi, aghalabu kati ya nyuzi 40 na 70 za Selisiasi.

Mavuno yakiwa madogo, wengi hukimbilia kuongeza kimeng'enya. Hapo ndipo fedha hupotea. Kimeng'enya huharakisha safari, hakisogezi mwisho wake. Chukua ethili asetati: moli moja (kipimo cha idadi ya molekuli) ya asidi asetiki na moli moja ya ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi yake, zitagota theluthi mbili hivi zikishageuka esta, hata ukimimina lipasi kiasi gani, kwa kuwa maji yaliyozalishwa yanaivunja esta kwa kasi ileile inayoundwa. Ethanoli ikiwa moli tatu, asidi itakayogeuka hufikia karibu asilimia 90. Lakini ziada hiyo utalazimika kuikenekesha, na alkoholi fupi, hasa methanoli, hukidhuru kimeng'enya zikiwa nyingi. Ndiyo maana alkoholi hizo hutiwa kidogo kidogo.

Kwa maoni yangu, dawa iliyo bora ni kuyaondoa maji kadiri yanavyotoka. Kwa esta nzito za vipodozi, pampu ya ombwe inatosha: maji huvukizwa, esta hubaki. Kwa esta nyepesi za harufu, ombwe litaondoka na bidhaa yenyewe, kwa hiyo zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vinavyonyonya maji, inafaa zaidi.

Hata hivyo usikaushe kupita kiasi. Lipasi inahitaji utando mwembamba wa maji ili molekuli yake iweze kujikunja na kujinyoosha. Kiyeyushi cha mchanganyiko nacho huamua: heksani, isiyochangamana na maji, huiachia utando huo; asetoni, inayochangamana nayo, huinyang'anya. Mwaka 1984 watafiti Zaks na Klibanov walionyesha kwamba lipasi ya kongosho la nguruwe, ikiwa ndani ya kimiminika cha kikaboni kilicho karibu kikavu, huendelea kufanya kazi hata kwa nyuzi 100. Ndani ya maji, joto hilo huiua upesi.

Linabaki suala la gharama. Lipasi B ya chachu iitwayo Candida antarctica, inayotumika sana, hugandishwa juu ya chembe za resini ili ichujwe na kutumiwa tena. Kikorogeo chenye nguvu huzisaga chembe hizo. Kuzipanga ndani ya mnara na kupitisha mchanganyiko juu yake huziokoa. Tena, joto linalotoa kasi kubwa katika saa ya kwanza si lazima liwe joto bora, kwani huenda likaichosha lipasi mapema. Basi jaribu joto, uwiano wa alkoholi na kiwango cha maji kwa pamoja, maana kimoja hubadilisha athari ya kingine, na upime kilo za esta zilizopatikana kwa kila kilo ya kimeng'enya hadi siku chembe zinapotupwa.