Van Gogh hakupaka zile rangi kwa sababu ya wazimu

Hii stori tumeisikia miaka mingi, eti Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 19, alikuwa chizi ndo maana kwenye picha zake njano zinawaka vile na nyota zinazunguka kama kimbunga, yaani ugonjwa ndo ulioshika brashi. Sio kweli. Ugonjwa alikuwa nao, sikatai, ila siku akizidiwa mara nyingi hakuweza kuchora kabisa, alichora akishatulia.

Na rangi alizisomea. Alijua nyekundu na kijani zikikaa pamoja kila moja inamkoleza mwenzake, bluu na machungwa vilevile, tena alikuwa na kiboksi cha nyuzi za sufu, anasokota rangi mbili tatu pamoja aone zinavyopatana kabla hajagusa turubai (kiboksi chenyewe kipo hadi leo Amsterdam). Chizi gani wa kupiga hesabu hivyo?

Mwaka 1888 kule Arles, kusini mwa Ufaransa, alichora mkahawa wa usiku, kuta nyekundu dari kijani, akamwandikia mdogo wake Theo kwamba kwa rangi hizo mbili alitaka kuonyesha tamaa kali za binadamu. Yaani alipanga.

Halafu ile picha ya chumba chake cha kulala, kuta za bluu? Zilikuwa zambarau mpauko, wekundu uliokuwemo kwenye rangi ndo umefifia kwa mwanga. Kwa hiyo hata hiyo bluu ya huzuni watu wanayoichambua sana, yeye hakuipaka.