Siku yako huharibika saa ngapi? Dawa za ADHD kwa watu wazima

Watu wazima wakishagundulika kuwa na ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza mawazo, huniuliza, “Daktari, dawa ipi ina nguvu kuliko zote?” Nami huwarudishia swali: siku yako huharibika saa ngapi?

Kuna anayevurugika asubuhi mbele ya kompyuta, jioni yuko shwari. Mwingine kazini anajikaza, ila akifika nyumbani hana subira ya kumsikiliza mtoto mpaka amalize habari yake. Siwezi kuwaandikia kitu kimoja.

Mara nyingi tunaanza na vichangamshi: methilifenideti au jamii ya amfetamini. Jina hilo huwashtua watu. Asiyetulia achangamshwe tena? Kinachochangamshwa ni zile sehemu za ubongo zinazoshika breki, kwa kuongezewa dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Methilifenideti ya kawaida hudumu saa 3 hadi 4 hivi. Ya kuachia polepole hufika 8 hadi 12, kutegemea aina. Lisdeksamfetamini, ya jamii ya amfetamini, ina ujanja wake. Ukiimeza bado haijawa dawa hai, mpaka seli nyekundu za damu ziikate na kutoa deksamfetamini, dawa hai yenyewe, kidogo kidogo. Ndiyo maana humfikisha mtu jioni, na anayeisaga ili aivute puani hapati ule mshtuko wa haraka anaoutafuta.

Kabla ya yote napima presha na mapigo ya moyo, nauliza kama kuna aliyekufa ghafla katika ukoo, kisha nauliza habari za pombe na dawa za kulevya. Hilo la mwisho huwaudhi wengine, nauliza tu.

Atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, si kichangamshi. Humfaa mwenye historia ya uraibu, lakini inataka subira: wiki 4 hadi 6, pengine zaidi. Wengi huitupa wiki ya pili wakisema haifanyi kitu. Tena kuna watu waliozaliwa na kimeng’enya dhaifu cha kuivunja, hivyo dozi ya kawaida huwazidia. Paroksetini, dawa ya sonona, huweza kumletea mtu hali hiyohiyo. Kwa hiyo nataka kujua kila kidonge unachomeza. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, hasa kama u kijana, nipigie siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Dozi huanza ndogo, ikapanda taratibu. Ukija, njoo na daftari lenye saa ulizokuwa sawa na saa ulizopotea.