Usisubiri Kuacha Unga Ndipo Uje Kupima VVU au Kuanza Methadoni

Tangu kampeni ya upimaji wa VVU ifike kwenye maskani, yaani vijiwe vya watumiaji wa unga (heroini), malalamiko yanayotufikia kliniki yanafanana. Ndugu wanataka kuonyeshwa majibu ya kijana wao. Wengine wanakasirika mvuta bangi akikosa methadoni, dawa tunayowapa waraibu wa heroini. Waraibu wenyewe wanajificha wakiamini kwamba wapimaji wametumwa na polisi.

Kupima ni hiari. Sheria ya UKIMWI (Kudhibiti na Kuzuia) ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa kwa amri ya mahakama, kwa anayetoa viungo au tishu za mwili wake, na kwa wahusika wa makosa ya kujamiiana. Uraibu haumo. Majibu ni ya aliyepima. Mama akija na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe mtu mzima, jibu letu ni lile lile: hatumwonyeshi. Marekebisho ya 2019 yamemruhusu kijana wa miaka 15 kuridhia kupima mwenyewe, na kujipima nako kumeruhusiwa. Kipimo cha kujipima kikionyesha maambukizi, ni lazima kituo kithibitishe. Aliyekwisha kuanza ARV asijipime kabisa: kipimo kinaweza kumwonyesha hana virusi, naye akaacha dawa.

Kuhusu methadoni tumesema mara nyingi, na tunarudia: inatibu uraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Haitibu bangi, kokeini, mirungi wala pombe. Dozi ya mteja wetu wa siku nyingi inaweza kusimamisha pumzi ya mtu ambaye mwili wake haujaizoea. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaenda Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine, na mpaka leo tunaulizwa kama serikali inagawa unga. Haigawi. Aliyepata dozi sahihi hapati arosto (maumivu ya kukosa unga), anakwenda kazini, na hana sababu ya kuchangia sindano, ambayo ndiyo inayosambaza VVU na homa ya ini C maskani.

Kwa kawaida mteja huletwa kwa rufaa ya asasi inayofanya kazi maskani, baada ya unasihi. Mkojo hupimwa kuthibitisha matumizi ya afyuni. Familia zinazomfungia kijana ndani wiki mbili "asafike" kabla ya kuja kwetu zinamweka hatarini: mwili umeshapoteza uzoefu, na akitoroka akajidunga kiasi kile kile cha zamani, anaweza kufa. Aje vile vile alivyo.

Dozi huanza ndogo na kupandishwa taratibu. Kila siku mteja anafika dirishani, anatambuliwa, anakunywa mbele ya mtoa dawa, kisha anaongea, hata "ahsante" tu, ithibitike kwamba amemeza. Akikosa siku tatu mfululizo, daktari anamwona upya kabla ya dozi yoyote. Hiyo si adhabu.

Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini aseme siku hiyo hiyo anayoanza. Dawa hiyo huishusha methadoni mwilini, arosto inarudi, na mteja anadhani tumempunguzia kwa siri. Wapo wanaorudi kwenye unga kwa sababu hiyo tu, wakati dozi ingeweza kurekebishwa. Inaumiza sana kumpoteza mtu kwa jambo la kusema dirishani.

Orodha yetu ya wateja si orodha ya watuhumiwa. Lakini kadi ya kliniki si kinga kwa muuzaji: anayepatikana na hatia ya kusafirisha au kuuza heroini isiyozidi gramu 200 anafungwa miaka 30, ikizidi hapo, maisha. Mwenye taarifa za biashara hiyo apige 119.

Anayesafiri atoe taarifa mapema, tumwandikie barua ya kupokelewa kwenye kliniki ya huko aendako. Ukitokea msiba wa ghafla, ndugu awasiliane na kliniki kabla mteja hajapanda basi.