Je, wajua kwa nini seli za neva zikiachwa zenyewe haziungani vizuri?

Kumbukumbu na kila tendo la mwili hutegemea sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapoikabidhi nyingine ujumbe wake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa neva hujiunganisha zenyewe. Ben Barres, mwanabiolojia wa neva wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1954, alionyesha kwamba zinahitaji msaada.

Barres alianza kama daktari wa magonjwa ya neva. Alipochunguza ubongo wenye maradhi, kilichomvuta ni glia, seli zinazozizunguka neva, kwa jinsi zilivyobadilika. Enzi hizo wengi walizichukulia glia kama kijazio tu. Akarudi masomoni Harvard, akafanya utafiti London, na mwaka 1993 akafungua maabara yake Chuo Kikuu cha Stanford.

Kazi kubwa ilikuwa kutenganisha, na kwangu hapa ndipo ustadi wake unapoonekana zaidi. Utajuaje neva inaweza nini peke yake ilhali glia zimeigandamia? Barres alitumia sahani za maabara zilizopakwa kingamwili zinazonasa aina moja tu ya seli. Mchanganyiko wa seli kutoka retina ya panya, yaani utando wa nyuma ya jicho unaohisi mwanga, ulimiminwa humo. Neva zilizotakiwa zikanata, nyingine zikaoshwa. Neva hizo safi ziliishi vizuri na kuota matawi, ila zilikuwa karibu kimya. Mwaka 1997 yeye na Frank Pfrieger walitangaza kuwa zikiwekwa pamoja na glia, mawasiliano huchangamka. Mwaka 2001 maabara hiyo ilihesabu sinapsi zilizokomaa: ziliongezeka mara 7.

Glia zinazohusika huitwa astrosaiti. Lakini zinafanyaje? Mwaka 2005 jibu la kwanza likapatikana: hutoa protini iitwayo thrombospondini. Ajabu ni kwamba sinapsi zilizojengwa kwa protini hiyo zilikuwa na umbo kamili, na upande wa kutuma ulifanya kazi, lakini upande wa kupokea haukuitika. Vipokezi vya glutamati, kemikali inayobeba ujumbe, havikuwapo vya kutosha.

Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2012. Nicola Allen, akiwa katika maabara ya Barres, alibaini protini nyingine za astrosaiti, glipikani 4 na 6, ambazo ndizo huvileta vipokezi hivyo kwenye uso wa neva. Barres alifariki Desemba 2017, nao watafiti aliowalea wanaendelea kuchunguza astrosaiti katika maabara zao wenyewe.