Pondagundi: samaki wawili watatu kwa siku, basi

Lawama ninayoisikia mara nyingi kuhusu pondagundi, ndege wa majini mwenye miguu na shingo ndefu, ni kwamba anamaliza samaki. Ukimtazama, unaelewa inatoka wapi. Katika jamaa yote ya koikoi na yangeyange duniani, hakuna anayemzidi ukubwa: akinyoosha shingo anakaribia mita moja na nusu, mabawa yakikunjuliwa huweza kupita mita mbili, na uzito wake ni kilo nne hadi tano. Mdomo peke yake una urefu wa karibu sentimita 20. Mvuvi aliyeinua nyavu tupu alfajiri, kisha akalikuta jitu hilo limesimama kando ya matete, anaona mwizi ameshapatikana.

Kazi yangu ni ndege wa majini, na Ziwa Baringo, nchini Kenya, ndiko ninakomjua pondagundi vizuri zaidi. Lawama hiyo inaniuma, kwa sababu ukweli ni kinyume chake kabisa. Huyu ni ndege anayekula mara chache mno, na karibu kila kitu katika maisha yake kinatokana na hilo.

Kwanza tumtambue. Kichwa na shingo ya nyuma ni hudhurungi iliyokolea, koo ni jeupe, mbele ya shingo kuna michirizi myeusi, na mgongo ni wa kijivu. Wengi humchanganya na koikoi mwekundu, ambaye ni mdogo sana kwake. Tazama mdomo na miguu: pondagundi ana mdomo mzito wenye weusi na miguu myeusi, na utosi wake ni hudhurungi, yule mwingine ana mdomo mwembamba wa manjano na utosi mweusi. Akiruka, hupiga mabawa polepole, shingo ameikunja, miguu ikining'inia kidogo kana kwamba imemlemea. Korongo huruka shingo ikiwa imenyooka, kwa hiyo hapo huwezi kukosea.

Sasa tuje kwenye uvuvi wake. Pondagundi husimama. Urefu wa miguu humwezesha kuingia kwenye maji ambayo yangeyange angeyaogopa, na akishafika huko hutulia, mara nyingine kwa muda mrefu kiasi kwamba wageni huniuliza kama ni mzima. Vidagaa hupita miguuni pake naye hawagusi. Nimewaona perege wadogo wakizunguka karibu kabisa na vidole vyake, mdomo umeinama juu yao, na hakuna kilichotokea. Anamsubiri mkubwa.

Mkubwa akifika, utaona shingo ikirudi nyuma kidogo na mwili ukiinama. Pingili ya sita ya shingo, kwa ndege wote wa jamaa hii, ina umbo la pekee linaloifanya shingo ijikunje kwa kona na kufyatuka kama mtego. Kichwa kinazama mara moja, na mara nyingi mdomo huwa umeachama kidogo, ili nusu zote mbili zimchome samaki. Hapo kazi haijaisha. Samaki wa sentimita 30, mwenye miiba mgongoni na bado anapigapiga mkia, hamezwi hivi hivi. Pondagundi humbeba hadi penye majani yanayoelea au maji ya kina kifupi, humlaza, humchoma tena, kisha humgeuza taratibu mpaka kichwa kitangulie ili mapezi yalale. Ndipo humeza, na unaweza kuufuata uvimbe ukishuka shingoni.

Mwaka 1980 Douglas Mock na Karilyn Mock walichapisha utafiti wao wa Ziwa St Lucia, Afrika Kusini, ambao mpaka leo ndio ninaoupendekeza kwa yeyote anayetaka kumjua ndege huyu. Walionyesha kwamba hushambulia mara chache sana, na kwamba hula samaki wawili au watatu tu kwa siku, wengi wao wakiwa na uzito wa karibu nusu kilo. Hula pia vyura, kaa, mijusi na hata panya akiwapata, lakini anayemshibisha ni samaki mkubwa.

Fikiria maana yake. Yangeyange anayekosa kidagaa kimoja atapata kingine baada ya dakika chache. Pondagundi akipoteza samaki mmoja amepoteza theluthi au nusu ya chakula cha siku. Na wanaomnyang'anya wapo. Furukombe, tai mla samaki, ndiye mbaya zaidi: hukaa juu ya mti akiangalia, na muda ule mrefu wa kumgeuza samaki ndio anaoungoja. Pondagundi, pamoja na ukubwa wake wote, mara nyingi huachia. Nadhani hii ndiyo sababu moja inayomfanya apende kuukaribia uoto mnene anapomaliza kazi.

Uchache huo wa chakula ndio unaomfanya awe mpweke. Samaki wakubwa hawasongamani mahali pamoja, kwa hiyo kila ndege, au kila jozi, hutaka eneo lake. Mwenzake akikaribia husikia onyo lake, sauti nzito ya kubweka inayoweza kufika hadi kilomita mbili. Usiku, juu ya maji yaliyotulia, ni sauti ya kutisha kwa asiyeijua.

Hata kiota hujengwa mbali na wengine, ingawa si kila mara. Ni jukwaa la vijiti na matete, hufikia mita moja kwa upana au zaidi, juu ya miti mifupi, kwenye matete yaliyolala au kisiwani. Mayai huwa matatu kwa kawaida, ya samawati iliyofifia, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa takriban wiki nne. Baringo kuna kisiwa cha majabali kiitwacho Gibraltar, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa pondagundi waliotaga pamoja kwa idadi isiyo ya kawaida. Kisiwa kilichozungukwa na maji, kisicho na watu, kinaweza kuvunja hata upweke wa ndege huyu.

Maji ya Baringo yamepanda mno tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nyumba, barabara na hoteli zimezama, na miti ya kando imekufa imesimama. Kwa anayevua kwa kusimama, ukingo ukihama na yeye anahama. Maeneo mapya ya kina kifupi yapo, ila mengi sasa yako milangoni pa watu, penye mitumbwi na watoto wanaochota maji.

Yeye mwenyewe hayuko hatarini kutoweka. Ameenea Afrika kusini ya Sahara, kuanzia delta ya Rufiji hadi kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Victoria na kwingineko kwingi. Nje ya Afrika ni wachache, na vinamasi vya kusini mwa Iraq, moja ya ngome zake huko, vilikaushwa karibu vyote katika miaka ya 1990 kabla ya maji kurudishwa kuanzia 2003. Huwa nawakumbusha hilo wanaosema ndege aliyeenea haguswi na lolote.

Kwa waongozaji wa mashua wanaosoma hapa, ombi langu ni hili. Mkimwona amesimama kwenye maji, msimsogelee mpaka aruke ili mgeni apate picha ya mabawa. Huenda amekuwa hapo tangu alfajiri, na yule samaki wa nusu kilo alikuwa ndio kwanza anakaribia. Zimeni injini mbali, mwacheni mgeni atumie darubini. Na wakati wa viota msipite kati ya kisiwa na matete hata kama ndiyo njia ya mkato: mzazi akiinuka juani, mayai hubaki wazi, na kunguru huwa wanatazama.