Mlipuko uliopita juu yetu bila kuonekana

Masika haya nilikuwa Wete kwa ami yangu. Mvua ya siku tatu, umeme umekatika, tumekaa gizani na redio yake ya betri. Akaniuliza, "Mwanangu, mawingu yakiwa hivi kazi yenu ya nyota si inalala?"

Nikamwonesha redio. Milango imefungwa, nuru haipenyi, na matangazo yanaingia. Angani ni vivyo hivyo.

Mimi huchambua mawimbi ya redio yatokayo kwenye masalia ya supanova, yaani mabaki ya nyota zilizolipuka. Niyapendayo kuliko yote ni G1.9+0.3, katika buruji (kundi la nyota) la Kausi, karibu na kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu. Nuru ya mlipuko ule ilistahili kufika duniani mwishoni mwa karne ya 19 au karibu na hapo. Manahodha wa majahazi yetu waliijua Kausi kwa jina, na hupita juu sana visiwani kwetu, lakini hawakuona kitu. Vumbi zito la angani lilimeza nuru yote njiani.

Redio haikuzuiwa. Darubini ya redio ya VLA, kule New Mexico, Marekani, iliyapiga picha mwaka 1985. Yalipopigwa tena 2008, duara lilikuwa limetanuka kwa takriban asilimia 15. Kwa masalia, huo ni utoto! Masalia mengine, Cassiopeia A, yenye zaidi ya miaka 300, yanafifia redioni mwaka hadi mwaka. Haya ya Kausi bado yanazidi kung'aa.

Tunajuaje kuwa si wingu la kawaida la gesi ya moto? Wimbi la mlipuko husukuma elektroni hadi karibu na kasi ya nuru, nazo huzunguka kwenye uga wa sumaku zikitoa mawimbi ya redio. Redio hiyo hupungua nguvu kadiri masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) yanavyopanda. Ya gesi ya moto hubaki karibu vilevile. Kwangu mimi, mteremko huo kwenye grafu ndio ushahidi mtamu kuliko picha yenyewe.

"Basi redio yangu itayapata?" Ami akauliza.

Hapana, mawimbi hayo hufika yakiwa dhaifu mno. Huko Karoo, Afrika Kusini, MeerKAT huunganisha sahani 64, kila moja upana wa mita 13.5, ndipo masalia ya namna hii yaonekane vizuri.

Akapunguza sauti, akataka nimwoneshe Kausi iko wapi. Usiku ulishakwenda. Nikanyoosha kidole kusini-mashariki, kwenye wingu jeusi.